Mtoto mchapishaji: Jinsi Busia na Malaba zinavyoweza kuwalinda watoto intanetini bila kuwaziba vinywa

Zamani, mtoto aliyetaka maandishi yake yasomwe na umma alilazimika kupitia milango mingi. Shairi lake lilisahihishwa kwanza na mwalimu, likatiwa kwenye bahasha, likatumwa kwa posta hadi Nairobi na kuangukia meza ya mhariri. Huko liliamuliwa kama lingechapishwa au lingetupwa. Jina likikosewa, alikuwapo mtu wa kulirekebisha. Neno la kuudhi likipenya, alikuwapo mtu wa kulifuta.

Milango hiyo sasa imeng'olewa. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anayeishi Burumba, mjini Busia, au kule Amagoro karibu na Malaba, anahitaji simu ya mzazi na bando ya shilingi chache tu ili video yake itazamwe Kampala, Mombasa na hata London kabla ya chakula cha jioni kuiva. Amekuwa mwandishi, mpiga picha, mhariri na mchapishaji kwa wakati mmoja, ilhali hakuna aliyemfunza kazi hata moja kati ya hizo nne.

Hapo ndipo lilipo tatizo linalowakabili wazazi na walimu wa mpakani. Wapo wanaoona dawa yake ni kumpokonya mtoto simu. Wengine wameachia mambo yaende yatakavyo, wakidhani kwamba mtoto ajuaye kubonyeza simu kuliko wao anajua pia hatari zilizomo. Pande zote mbili zimekosea. Mtoto anaweza kufunzwa kuchapisha kwa usalama na kwa kuwajibika, kama anavyofunzwa kuvuka barabara yenye malori.

Ni haki yake

Ni vyema kuanza na jambo ambalo husahaulika. Mtoto ana haki ya kujieleza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unampa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo ya kila aina. Mkataba huo huo unamlinda dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kuvunjiwa heshima. Mnamo 2021, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi kwamba haki hizo zinamfuata mtoto hadi kwenye ulimwengu wa kidijitali.

Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33 na faragha katika kifungu cha 31. Kifungu cha 53 kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayopewa uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kwa hivyo, mzazi au mwalimu hatakiwi kuchagua kati ya kumwachia mtoto aseme na kumlinda. Anatakiwa kuyafanya yote mawili.

Faida nazo zipo. Mtoto wa Teso anayerekodi nyanya yake akisimulia hadithi kwa Kiteso, au mwenzake wa Samia anayeeleza jinsi samaki wa Ziwa Victoria wanavyokaushwa, anahifadhi elimu ambayo haimo vitabuni. Umilisi wa kidijitali pia ni mmoja wa umilisi saba wa kimsingi katika mtaala wa elimu ya umilisi nchini. Shule itakayowanyima wanafunzi nafasi ya kuandika, kuchora na kurekodi kwa ajili ya wasomaji halisi itakuwa imewapunja.

Sheria yasemaje

Wazazi wengi hudhani kwamba mambo ya intaneti hayana sheria. Sheria zipo, tena zina makali.

Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika Novemba 2019, inaihesabu picha ya mtu, jina lake, sauti yake na mahali aliko kuwa data za kibinafsi, maadamu mtu huyo aweza kutambulika. Kuhusu watoto, yaani wote walio chini ya umri wa miaka 18, sheria hiyo inataka mambo mawili: idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi yanayoendeleza na kulinda haki na maslahi ya mtoto. Idhini peke yake haitoshi ikiwa kinachochapishwa kitamdhuru. Aidha, mzazi aliyetoa idhini ana haki ya kuiondoa wakati wowote, na anayechapisha ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba aliipata.

Sheria hii si ya kupamba makabati. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitangaza kuitoza Shule ya Roma iliyoko Uthiru faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi wenye umri mdogo bila idhini ya wazazi. Uamuzi huo ulizishtua shule nyingi, kwa kuwa kuweka picha za wanafunzi wakicheka darasani au wakipokea vyeti kulikuwa kumezoeleka kama njia ya kuwavutia wazazi wapya.

Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inakataza mtu yeyote kuingilia faragha ya mtoto kiholela au kushambulia heshima na sifa yake. Hata hivyo, inatambua kwamba mzazi ana haki ya kumsimamia mwanawe kwa kiasi kinachofaa. Mzazi anayetaka kujua mtoto wa miaka 11 anazungumza na nani intanetini hajavunja sheria yoyote.

Kisha kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kifungu chake cha 24 kinaharamisha kutengeneza, kusambaza au kumiliki kwenye kompyuta picha za ngono za watoto. Adhabu ni faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Vijana wanapaswa kuelezwa jambo hili bila kuonewa haya. Anayepokea picha ya uchi ya mwanafunzi mwenzake na kuisukuma katika kundi la WhatsApp la darasa hafanyi mzaha. Na kwa kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka umri wa kuweza kushtakiwa kuwa miaka 12, hawezi kujificha nyuma ya utoto kwa urahisi.

Mpaka una mambo yake

Haya yote yanaihusu Kenya nzima. Lakini Busia na Malaba zina hali ambazo mzazi wa Nyeri au Voi hazimsumbui.

La kwanza ni kwamba miji hii miwili ni minne. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda, na jina ni lile lile pande zote. Hapa ndipo neno boda boda lilipozaliwa, kutokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, msafiri hukaguliwa mara moja tu katika upande anaoingia. Watoto nao huvuka kwenda shuleni, sokoni na kwa jamaa.

Maana yake ni kwamba picha iliyopigwa Busia ya Kenya inaweza kuchapishwa na shangazi aliye Busia ya Uganda, ikitumia laini ya simu ya Uganda, na kuzua malalamiko ambayo polisi wa pande zote mbili wanaweza kurushiana. Mzazi anayeripoti kisa anafaa kutaja waziwazi ni upande gani tukio lilitokea na ni laini ya nchi gani iliyotumika. Kusema "Busia" pekee hakutoshi. Uganda nayo ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo pia inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya au kutumia data za mtoto. Kwa hivyo, kuvuka Mto Malaba hakumwondolei mtoto ulinzi wa sheria.

La pili ni wageni. Malori yanayoelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupanga foleni katika miji hii, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Wengi wa madereva hao ni wazazi wanaotafuta riziki kwa njia ya halali, na si haki kuwahukumu kwa jumla. Lakini mji unaopokea maelfu ya watu wanaopita, wasiojulikana na jirani yeyote, huwa rahisi kwa mtu mwenye nia mbaya kujichanganya. Mtoto anayejirekodi akicheza dansi kando ya malori, akiwa amevaa sare ya shule, amekwisha kumwambia mtu kama huyo anasoma wapi, hupita wapi na saa ngapi.

La tatu ni ahadi za kazi na masomo ng'ambo ya mpaka. Walanguzi wa binadamu hutumia mpaka kama njia, na siku hizi kamba yao ya kwanza ni ujumbe wa kirafiki baada ya kuona picha za mtoto. Humsifu kwa kipaji chake cha kuimba, kisha humwahidi studio, timu ya kandanda au kazi ya nyumbani yenye mshahara mnono. Mtoto afunzwe kanuni moja isiyo na ubaguzi: mtu aliyejulikana intanetini hakutaniwi naye bila mzazi kujua, na mpaka hauvukwi kwa mwaliko wake.

Uzito wa jambo hili unathibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na ECPAT, Interpol na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF. Ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wa Kenya wa umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wakitumia intaneti. Kati ya hao, asilimia 5 hadi 13 walikuwa wamedhulumiwa kingono kupitia intaneti katika muda wa mwaka mmoja uliotangulia, kwa kutishwa, kusambaziwa picha au kushawishiwa kwa fedha na zawadi. La kusikitisha ni kwamba waathiriwa, pale waliposema, waliwaambia marafiki zao. Ni nadra mno waliokwenda kwa polisi au kupiga simu za usaidizi.

Kabla ya kubonyeza

Mafunzo mazuri huanza na mazoea madogo. Mwalimu wa gazeti humfunza mwanagenzi kusoma kazi yake mara ya pili kabla ya kuiachilia, na zoezi hilo linamfaa mtoto pia. Kabla ya kuchapisha chochote, aulizwe maswali haya matano.

Mosi, nani anaonekana? Ikiwa kuna mwenzake pichani, je, amekubali, na mzazi wake amekubali? Mtoto mchanga wa jirani hawezi kukubali, na mwanafunzi aliyelala darasani hajakubali.

Pili, nini kingine kinaonekana? Macho ya mtoto huwa usoni pake pichani, ilhali mtu mbaya huangalia nyuma yake. Huko kuna nembo ya shule kwenye sweta, nambari ya nyumba, bango la duka, nambari ya usajili ya pikipiki ya baba, cheti chenye jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Kupiga picha upya ukutani kusikokuwa na kitu huchukua sekunde kumi.

Tatu, mahali na saa zinajulikana? Simu nyingi za kisasa zinaweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Uwezo huo huzimwa kwenye mipangilio ya kamera. Vilevile, video ya safari ya kwenda kwa nyanya Nambale ichapishwe baada ya kurudi nyumbani, wala si wakati familia ingali safarini na nyumba iko tupu.

Nne, ni kweli? Uvumi kwamba mpaka umefungwa, kwamba ugonjwa umezuka au kwamba watu wa kabila fulani wamefanya jambo fulani husambaa upesi mpakani na unaweza kuleta maafa. Eneo hili lina Waluhya wa koo mbalimbali, Wateso, Waluo, Wasomali, Waganda na wengine wengi wanaogawana soko moja. Mtoto afunzwe kwamba asiyejua chanzo cha habari hana ruhusa ya kuisambaza.

Tano, atajisikiaje ikisomwa na mwalimu mkuu leo, au na mwajiri miaka kumi ijayo? Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kufuta chapisho huliondoa kwenye ukurasa wa aliyeliweka. Hakuliondoi kwenye simu ya aliyekwisha kulihifadhi.

Kuna hatari moja zaidi ambayo haikuwapo miaka michache iliyopita. Programu za akili unde zinaweza kuchukua picha ya kawaida ya uso wa mtoto na kuipachika kwenye mwili wa uchi usio wake. Hii ni sababu nyingine ya kupunguza picha za karibu za uso wa mtoto katika kurasa zilizo wazi kwa kila mtu. Mchoro wake, sauti yake ikisimulia, au mikono yake ikifinyanga chungu vyaweza kuonyesha kipaji chake pasipo uso.

Umri na mipangilio

Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13. Watoto wengi hudanganya kuhusu mwaka wa kuzaliwa, na wazazi wengine huwasaidia kudanganya. Wazazi hao huenda hawajui wanachopoteza. TikTok hufanya ukurasa wa mwenye miaka 13 hadi 15 kuwa wa siri tangu mwanzo, na haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha. Matangazo ya moja kwa moja ni ya waliotimiza miaka 18 pekee. Instagram nayo ilianzisha akaunti maalumu za vijana mnamo Septemba 2024, ambazo huwa za siri na huhitaji ruhusa ya mzazi kulegezwa ikiwa mtoto hajafika miaka 16. Mtoto wa miaka 13 aliyeandika kwamba ana miaka 19 hukosa ngao hizi zote.

Hata hivyo, ngao za kampuni zina matundu. Mnamo Machi 2025, shirika la habari la BBC liliripoti jinsi matangazo ya moja kwa moja ya TikTok yalivyokuwa yakitumiwa kuuza ngono ikiwahusisha watoto nchini Kenya. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliitaka kampuni hiyo iondoe maudhui ya aina hiyo. Nchi nyingine zimechukua hatua kali zaidi. Australia ilianza Desemba 2025 kuzilazimisha kampuni kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Kenya haijafika huko, na kwa hivyo mzigo mkubwa ungali mabegani mwa mzazi na mwalimu.

Kwenye WhatsApp, mtoto aelekezwe kuweka picha zake za saa 24 zionwe na watu aliowachagua tu, na azuie watu asiowajua kumtia katika makundi. Anayetumia saiba, iwe Busia au Malaba, ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka, la sivyo mteja atakayeketi baada yake ataweza kuchapisha kwa jina lake. Neno la siri halipewi rafiki wa chanda na pete, maana urafiki huvunjika na neno la siri likabaki.

Wajibu kwa wengine

Kuchapisha kwa usalama ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kuwajibika, yaani kutowadhuru wengine.

Mtoto anayemrekodi mwenzake akianguka uwanjani na kumfanya kichekesho cha shule amemjeruhi kwa njia isiyotibika kwa bandeji. Ni vivyo hivyo kwa anayewarekodi walemavu wanaosafirisha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu mpakani, au mwendawazimu barabarani, ili apate vicheko. Aombe ruhusa kwanza, na akikataliwa akubali. Kwenye kituo cha mpaka chenyewe, penye maafisa wa forodha, uhamiaji na polisi, busara ni kutopiga picha bila idhini yao.

Suala la umiliki nalo lielezwe mapema. Mchoro au shairi la mtoto ni mali yake tangu anapolitunga, hata bila kusajiliwa. Kwa mantiki iyo hiyo, picha aliyoikuta kwenye tovuti ya mtu ni mali ya mwenyewe, na kuiweka kama yake ni wizi. Mtoto anayezoea kutaja alikotoa habari tangu Gredi ya 5 hatasumbuka akifika chuo kikuu.

Shule na vyama vya uanahabari

Shule inayoendesha gazeti la wanafunzi au ukurasa wa intaneti ina nafasi nzuri ya kufunza haya kwa vitendo. Lakini lazima iwe na utaratibu.

Fomu ya idhini iandikwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, iwe Kiswahili, Kiingereza, Kiluhya au Kiteso, na mzazi asiyejua kusoma asomewe. Fomu itaje ni nini kitachapishwa, kitachapishwa wapi, kwa muda gani, na mzazi akibadili nia amwone nani. Fomu moja ya siku ya kusajiliwa shuleni inayosema "shule yaweza kutumia picha kwa shughuli zake" haimwelezi mzazi lolote. Na mtoto ambaye mzazi wake amekataa asitengwe wala kuadhibiwa. Kazi yake yaweza kuchapishwa bila jina.

Akaunti iwe ya shule, nenosiri liwe mikononi mwa walimu wawili, na maoni ya wasomaji yapitiwe kabla ya kuonekana. Jina la kwanza na gredi yatosha. Wanafunzi wenyewe wapewe kazi ya uhariri, mmoja akisoma kazi ya mwingine kwa yale maswali matano. Mtoto hujifunza faragha upesi zaidi anapoilinda ya mwenzake.

Vyombo vya habari vilikwisha kuonyesha njia. Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ziliwakataza wanahabari kuwapiga picha watoto shuleni bila ruhusa ya wakuu wa shule, na kuwataja watoto katika kesi za dhuluma za kingono, wawe waathiriwa, mashahidi au washtakiwa. Kile ambacho mwanahabari aliyesomea kazi hii hakubaliwi kufanya, mwalimu mwenye simu naye asikifanye.

Mzazi naye ni mchapishaji

Mara nyingi mtu wa kwanza kuchapisha habari za mtoto ni mamake au babake. Picha ya mtoto akioga, matokeo yake mabaya ya mtihani, au ugonjwa wake unaohitaji mchango huwekwa hadharani kwa nia njema. Mtoto huyo atakua na kuzikuta. Kwa harambee ya matibabu, inawezekana kueleza mahitaji bila kuonyesha mwili wa mtoto kitandani.

Tangazo la mtoto aliyepotea ni jambo jingine lenye uzito mpakani. Ripoti ipelekwe polisi mara moja, kisha tangazo liwe na picha ya karibuni, mavazi, mahali na saa alipoonekana mwisho, na nambari ya kituo cha polisi. Lisitaje hali ya kiafya isiyohitajika wala ugomvi wa nyumbani. Mtoto akipatikana, aliyelichapisha ana wajibu wa kulifuta na kuwaomba wengine wafanye hivyo, kwa sababu mtoto hapaswi kujulikana maisha yake yote kama yule aliyepotea.

Mambo yakiharibika

Hata kwa tahadhari zote, mambo huweza kwenda mrama. Mtoto anapomjia mzazi akisema kwamba mtu anamtisha kusambaza picha zake, sentensi ya kwanza ya mzazi ndiyo huamua mengi. Akianza kwa kiboko, mtoto hatasema tena, na anayemtisha atakuwa ameshinda. Amwambie kwamba amefanya vyema kusema.

Baada ya hapo, asilipe fedha, maana anayelipwa mara moja hurudi kudai zaidi. Mazungumzo yasifutwe. Jina la akaunti, nambari ya simu, tarehe na saa viandikwe, na kama kuna fedha zilizokwisha kutumwa, ujumbe wa malipo uhifadhiwe. Picha zenyewe za uchi zisinakiliwe wala kutumiwa mtu yeyote kama ushahidi. Simu yenyewe ipelekwe kwa wachunguzi. Akaunti ya mhalifu iripotiwe kwa kampuni husika, kisha ifungiwe.

Nambari ya kukumbuka ni 116. Ni simu ya bila malipo ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, na ni hiyo hiyo inayotumika Uganda. Kwa hivyo, mtoto wa Busia au Malaba hahitaji kukumbuka nambari mbili, hata simu yake ikishika mtandao wa nchi ya pili. Kesi pia hupelekwa kwenye kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto, nayo Idara ya Upelelezi wa Jinai ina kitengo maalumu cha kuwalinda watoto na kupambana na ulanguzi wa binadamu. Picha ya uchi ya aliye chini ya miaka 18 inaweza pia kuzuiwa kupitia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyozinduliwa mwaka 2023. Huduma hiyo huunda alama ya kidijitali ya picha bila picha kuondoka kwenye simu, na kampuni zilizojiunga nayo huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Ikiwa tatizo ni shule, hoteli au kampuni iliyochapisha picha ya mtoto bila idhini, mzazi aandike kwanza akitaka iondolewe. Akipuuzwa, ana haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inataka malalamiko hayo yachunguzwe na kukamilishwa katika muda wa siku 90. Nakala ya ukurasa wenyewe, yenye tarehe na anwani yake, ndiyo silaha ya mlalamishi, kwa hivyo aihifadhi kabla hajaandika barua ya kwanza.

Kazi ya mzazi wa leo, basi, ni ile iliyokuwa ya mhariri wa zamani. Aketi na mtoto, asome naye kabla ya kuchapisha, amuulize maswali, afute pale inapobidi na aeleze sababu za kufuta. Kwa mtoto wa miaka 9 afanye hivyo kila mara. Kwa wa miaka 13, mara kwa mara. Akifika miaka 16, mtoto aliyefunzwa hivyo atakuwa akijihariri mwenyewe, na mzazi ataweza kuwa kile ambacho kila mwandishi chipukizi anakitamani, yaani msomaji wake wa kwanza.